Sumu ya panya ibaki ghalani

Panya shamba hasubiri mavuno. Hufukua mbegu ya mahindi siku chache baada ya kupandwa, akifuata mstari shimo kwa shimo, na zile zinazomponyoka hukutana naye tena zikiwa miche ya majani mawili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambao wamemchunguza mnyama huyu kwa miongo kadhaa, wamekadiria kwamba panya huinyang'anya Tanzania kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yake kila mwaka. Mwaka wa mlipuko shamba zima linaweza kuliwa, mwenye shamba akapanda upya kwa mbegu aliyoikopa. Kwa hiyo mtu anayetaka kuwatetea wanyamapori wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, akaanza kwa kumlaumu mkulima anayenunua sumu, ameanza vibaya. Mkulima ana sababu, na sababu yake ni njaa. Hoja yangu ni nyingine. Sumu ya panya, hasa ile inayoua polepole, ikitandazwa mashambani chini ya vilima vya nyasi, haiishii kwa panya. Hupanda hadi kwa wanyama na ndege wanaoishi kwa kula panya, humpa mkulima nafuu ya wiki chache, kisha humwacha na panya wale wale na wawindaji wachache zaidi. Wilaya hizi mbili zina kila sababu ya kuiondoa mashambani na kuiruhusu ndani ya maghala na nyumba peke yake, tena kwa masharti.

Tuitazame ardhi yenyewe. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, ni nchi ya vilima virefu vilivyojipanga toka kaskazini kwenda kusini. Juu kuna nyasi tupu, chini mabondeni kuna vijito na mafunjo, na kwenye miteremko ya kati ndipo yalipo makazi, vibanja vya migomba na kahawa, na mashamba ya maharage na mahindi. Kati ya rweya, yaani nyika hiyo ya nyasi, na shamba hakuna ukuta. Mara nyingi ni hatua moja kutoka kwenye nyasi hadi kwenye mstari wa kwanza wa maharage. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hili yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa: Rumanyika-Karagwe, yenye jina la Mukama, yaani mfalme, aliyempokea mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1861, na Ibanda-Kyerwa, iliyo pembeni kabisa mwa nchi, Tanzania inapokutana na Rwanda na Uganda kwenye Mto Kagera. Ng'ambo ya mto ipo Akagera ya Rwanda, ambayo ni hifadhi tangu 1934. Tunapozitaja hifadhi hizi huwa tunahesabu nyati, swala na viboko, lakini uhai wa vilima vya nyasi unategemea sana viumbe wa kiwango cha chini zaidi. Panya wa nyasi wa aina mbalimbali, ambao wengi wao hawajawahi kuingia ghala la mtu, ndio chakula cha mondo, kanu, nguchiro, bweha, nyoka, bundi na jamii nzima ya mwewe na tai. Yupo tai mweusi mwenye kishungi kirefu utosini ambaye hupenda kukaa juu ya nguzo au mti mkavu kando ya shamba, ametulia, akitazama chini. Karibu kila anachokamata ni panya. Yupo pia mwewe mdogo mweupe mwenye mabega meusi, anayesimama hewani juu ya nyasi, mabawa yakipiga haraka na macho mekundu yakielekea ardhini, kisha akaporomoka. Mondo naye, paka mwenye masikio makubwa na miguu mirefu, husikiliza panya ndani ya nyasi ndefu na kuruka juu yake kabla hajamwona. Hawa wote hawaujui mpaka wa hifadhi. Wanawinda mahali panya walipo wengi, na panya ni wengi zaidi shambani.

Sasa tuifuate sumu. Zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni zile zinazozuia damu kuganda, ambazo bromadioloni na brodifakumu ni miongoni mwake. Panya anayekula chambo chake hafi hapo. Mwili wake unashindwa kutumia vitamini K ipasavyo, damu inapoteza uwezo wa kuganda, na kati ya siku tatu na wiki moja hivi anavuja damu ndani kwa ndani mpaka anakufa. Ucheleweshaji huo ndio unaozifanya sumu hizi zipendwe: panya hahusishi ugonjwa wake na chambo, anarudi kula kesho na keshokutwa, na akifa tayari amebeba ndani ya ini dozi inayozidi kwa mbali ile iliyotosha kumuua. Katika siku zake za mwisho panya huyo hubadilika. Hutoka mchana, hutembea kwa kuyumba, huchelewa kukimbia, hujikunyata mahali pa wazi. Kwa mwewe na bundi hakuna windo jepesi kuliko hilo. Kwa maneno mengine, sumu haiwafikii wawindaji kwa bahati mbaya. Inawachagulia panya aliyejaa sumu na kumweka mbele yao. Na ikishaingia haitoki haraka. Katika majaribio ya maabara, brodifakumu ilihitaji kama siku 300 kupungua kwa nusu ndani ya ini la panya mdogo. Ndege anayekula panya mmoja mwenye sumu wiki hii na mwingine mwezi ujao hujilimbikizia, mpaka siku jeraha dogo tu la mguuni au pigo la tawi linapomtoa damu isiyokatika.

Ushahidi wa jambo hili ni wa muda mrefu na umetoka sehemu nyingi za dunia. Nchini Uingereza, ambako maini ya bundi wanaookotwa wamekufa yamekuwa yakipimwa kwa miongo kadhaa, zaidi ya asilimia 80 ya bundi weupe waliopimwa katika miaka ya karibuni wamekutwa na mabaki ya sumu hizi. Magharibi mwa Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima maini ya bundi 164 wa aina tatu na kukuta mabaki kwa asilimia 70. Malaysia, wakulima wa michikichi waliowawekea bundi masanduku ya viota ili wale panya waliwaona bundi hao hao wakipungua katika mashamba yaliyohamia kwenye sumu mpya zenye nguvu. Mfano unaofanana zaidi na vilima vyetu unatoka Mongolia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngano iliyochanganywa na bromadioloni ilimwagwa kwenye mbuga za malisho ili kupunguza panya wa nyasi waliokuwa wakishindana na mifugo. Waliookotwa wamekufa ni pamoja na korongo, vipanga na mbweha. Kwenye uwanda wa juu wa Tibet, ambako China imekuwa ikitega sumu tangu miongo ya katikati ya karne iliyopita dhidi ya mnyama mdogo wa jamii ya sungura anayechimba mashimo malishoni, watafiti Andrew Smith na Marc Foggin waliandika mwaka 1999 kwamba mnyama huyo akiondoka wanaondoka pia ndege wanaotaga ndani ya mashimo yake na wawindaji wanaomtegemea. Mongolia na Tibet ziko mbali na Kaisho ya Kyerwa, lakini ini la mwewe wa Kaisho halitofautiani na la mwewe wa huko.

Aina ya pili ni sumu za kuua papo hapo, na inayojulikana zaidi nchini ni zinki fosfaidi, ule unga wa kijivu unaochanganywa na punje za mahindi. Ikifika tumboni na kukutana na asidi hutoa gesi ya fosfini, na panya hufa ndani ya saa chache. Watetezi wake wana hoja ya kweli: haijilimbikizi kwenye ini, hivyo mwindaji anayekula panya aliyeuawa nayo yuko salama kuliko anayekula panya wa bromadioloni. Lakini hatari yake imekaa upande mwingine. Punje ya mahindi yenye sumu iliyomwagwa juu ya udongo haina anwani. Kanga huiokota, kwale huiokota, njiwa huiokota, kuku wa jirani pia. Namfikiria zaidi korongo taji, yule mwenye taji la dhahabu kichwani ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Anazaliana kwenye mabonde ya majimaji ya ukanda huu wa Kagera, Rwanda na Uganda, na hutoka bondeni kwenda kuokota punje kwenye mashamba yaliyopandwa karibuni. Tangu 2012 ameorodheshwa duniani kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka. Jozi ya korongo hulea kifaranga mmoja, wawili au watatu kwa msimu. Hasara ya ndege wakubwa wawili kwenye bonde moja haifidiki kwa mwaka mmoja wala miwili. Tena zinki fosfaidi haina dawa ya kuizima. Mtoto aliyekula punje hizo, daktari wa hospitali ya Nyakahanga, Karagwe, hana kitu cha kumpa zaidi ya kumsaidia kupumua na kumwombea. Aliyekula bromadioloni angalau anaweza kutibiwa kwa vitamini K1 akiwahi.

Mpaka hapa mkulima anaweza kusema: nimekuelewa kuhusu mwewe na korongo, lakini mimi nalima. Ndiyo maana swali la uzito zaidi ni kama sumu inamtendea alichokilipia. Jibu limo katika maisha ya panya shamba mwenyewe. Jike lina chuchu nyingi kuliko panya wengine, mpaka jozi kumi na mbili, na huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Watoto hao nao, mvua ikiwa nzuri na mbegu za nyasi zikiwa nyingi, huanza kuzaa baada ya miezi michache tu. Kwa mnyama wa namna hiyo kuua nusu ya waliopo ni kuwapunguzia waliobaki ushindani wa chakula. Jambo la pili ni uhamiaji. Shamba la nusu ekari likisafishwa panya kwa sumu, huwa limefunguliwa mlango kwa panya wa shamba la jirani, wa kikamba, yaani kipande cha shamba kilichoachwa bila kulimwa, na wa rweya iliyo juu yake, na ndani ya wiki chache nafasi zimejaa. Mkulima anayetega peke yake ni kama anayechota maji ya kisima kwa kikombe ili kikauke. Jambo la tatu ni wakati. Watu wengi hununua sumu baada ya kuona mashimo matupu kwenye mistari, yaani wakati hasara kubwa imeshatokea na idadi ya panya imeshafika kileleni. Kwa zinki fosfaidi lipo la nne: panya aliyeonja kidogo akaugua bila kufa haigusi tena, na mfuko wa pili wa sumu unakuwa hasara tupu. Hata kwa sumu za kuzuia damu kuganda, panya wamekwisha kujenga usugu. Ile ya kwanza kutumika kwa wingi, warfarini, ilishindwa na panya wa shamba moja la Scotland mwaka 1958, na sumu kali zaidi za leo zilitengenezwa kwa sababu ya kushindwa huko.

Kuna pingamizi la kisayansi ambalo watu wa uhifadhi hupenda kulikwepa, nami sitalikwepa. Katika mashamba ya mahindi ya Morogoro watafiti walijaribu kuwavutia ndege wawindaji kwa kuwawekea vituo vya kukaa na masanduku ya viota, huku mashamba mengine wakiyafunika kwa nyavu ili ndege wasifike. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakuonesha kwamba ndege wanatosha kuzuia idadi ya panya isipande. Mvua, chakula na uhamiaji vilikuwa na nguvu zaidi. Basi, mtu atauliza, kama bundi hawezi kuzuia mlipuko, tunamlinda kwa faida gani ya mkulima? Naikubali nusu ya kwanza ya hoja hii. Yeyote anayemwambia mkulima wa Nkwenda kwamba aweke sanduku la bundi kisha alale usingizi anamdanganya. Lakini kushindwa kuzuia mlipuko hakumaanishi kutokuwa na kazi. Bundi mweupe mmoja humeza panya watatu au wanne kwa usiku, na akiwa na makinda hukamata wengi zaidi, kila usiku, miaka yote, hata ile ambayo hakuna mtu anayezungumzia panya. Kazi hiyo ina thamani wakati panya ni wachache, mwisho wa kiangazi, kila jike lililobaki likiwa ndiyo mbegu ya kizazi kijacho. Kwenye bonde la Yordani, wakulima wa Kibbutz Sde Eliyahu walianza kuweka masanduku ya bundi mwaka 1983, na baadaye Wajordani na Wapalestina wakajiunga, watu ambao hawakubaliani kwa mengi. Walichojifunza ni kwamba bundi anafaa pale anapofanya kazi pamoja na mbinu nyingine na pale sumu inapopungua. Kwa hiyo matokeo ya Morogoro yananifundisha kutomtegemea ndege peke yake. Hayanifundishi kumlisha sumu.

Pingamizi la pili ni la macho: mbona hatuoni mizoga? Kama sumu inaua mwewe na mondo, wangeonekana wamelala mashambani. Tukumbuke mwendo wa sumu yenyewe. Ndege aliyekula panya mwenye bromadioloni hafi chini ya mti alikomlia; hudhoofika kwa siku kadhaa, akajificha anapolala siku zote, kwenye mwamba, kwenye mti wenye majani mengi au ndani ya nyasi zinazomfika mtu kiunoni. Mondo anayevuja damu huenda kichakani. Kinachobaki huliwa na fisi, bweha na siafu, na kwa njia hiyo sumu husogea hatua nyingine. Uingereza haikujua hali ya bundi wake kwa kuhesabu mizoga mashambani. Ilijua kwa kuwaomba wananchi wapeleke kila ndege aliyekutwa amekufa, hata aliyegongwa na gari, ili ini lake lipimwe. Walioonekana kufa kwa ajali ndio walioonesha ukubwa wa tatizo. Hatua iliyofuata inafaa kutajwa. Baada ya miaka mingi ya kutegemea mafunzo na hiari ya wakulima, nchi hiyo iliondoa ruhusa ya kutumia bromadioloni na difenakumu, sumu nyingine ya aina hiyo, katika maeneo ya wazi, na mwisho wa kutumia akiba iliyobaki ukawa Desemba 31, 2024. Sumu zile zinaendelea kuruhusiwa ndani na pembezoni mwa majengo. California nayo, tangu mwanzoni mwa 2021, imezibana sumu kali za kuzuia damu kuganda kwa sheria, baada ya kukuta mabaki yake kwa simba wa milimani na wanyama wengine wengi. Hizi ni nchi zenye maabara, wakaguzi na mikebe maalumu ya chambo inayofungwa kwa ufunguo. Kama wao wameona shamba la wazi haliwezi kulindwa, sisi tunaouziwa sumu katika vifuko visivyo na lebo siku ya gulio tuna hoja gani ya kuendelea?

Pingamizi la tatu ni afya ya watu, na Kagera ina historia yake. Katika miaka ya 1897 na 1898, daktari Mjerumani Robert Koch alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Missenyi, ulikuwa tauni. Wenyeji walikuwa tayari wanajua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, watu nao wako njiani, na walizihama nyumba hizo. Panya hubeba maradhi mengine pia, homa ya mgunda ikiwa mojawapo. Sidai panya avumiliwe jikoni au stoo. Ndiyo maana nasema sumu ibaki ndani, kwenye ghala na nyumba, katika chombo ambacho kuku, mtoto na paka hawawezi kukifikia, na mizoga ikusanywe kila asubuhi na kufukiwa kina kirefu. Hata hivyo, hoja ya tauni haiitetei sumu ya shambani kama wengi wanavyodhani. Tauni huenezwa na viroboto. Panya wakiuawa kwa wingi wakati ugonjwa upo, viroboto wao hubaki bila mwenyeji na kumrukia binadamu. Kwa sababu hiyo kanuni ya wataalamu wa tauni ni kuwaua viroboto kwanza, kisha panya. Kumwaga sumu ovyo kwa jina la afya kunaweza kuleta kile kile kinachoogopwa.

Tuseme basi mkulima amekubali. Afanye nini? Hapa ndipo maandishi mengi ya uhifadhi huishiwa pumzi, wakati majibu yapo nyumbani. Wataalamu wa Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Namibia na Eswatini na taasisi ya maliasili ya Chuo Kikuu cha Greenwich cha Uingereza, walijaribu vijijini mbinu inayofuata maisha ya panya mwenyewe. Msingi wake ni mtego, lakini mtego wa jumuiya: kaya zote za kitongoji zinatega kila siku, kwa wakati mmoja, nyumbani na shambani, badala ya kila mtu kutega anapochokozwa. Panya wakipungua kwa pamoja hakuna jirani wa kuwaleta wengine upya. Mtego wa chuma unaofyatuka unadumu kwa misimu kadhaa, na mtego wa ndoo, yaani ndoo iliyofukiwa hadi mdomoni, yenye maji kidogo chini na kigunzi kinachozunguka juu ya waya kikiwa kimepakwa karanga, hugharimu karibu na bure na hunasa wengi kwa usiku mmoja. Jambo la pili ni usafi wa kingo. Utafiti wa Morogoro umeonesha kwamba mashamba yaliyolimwa kwa trekta yana panya wachache kuliko yale yaliyofyekwa na kuchomwa moto, kwa kuwa mashimo yanavunjwa na maficho yanapungua. Kwenye miteremko ya Karagwe trekta haliendi, lakini jembe linaweza kusafisha ukanda wa hatua chache kati ya rweya na mstari wa kwanza wa mahindi, na vikamba vilivyo katikati ya mashamba vinaweza kufyekwa kabla ya kupanda. Migomba inahitaji matandazo, sipingi hilo. Ila matandazo yasisogee mpaka kwenye mahindi machanga. Tatu ni kuacha kuchoma moto. Rweya inayochomwa kila kiangazi huwafukuza panya waliokuwa wametawanyika kilimani na kuwasukuma chini kwenye mashamba wiki chache kabla ya mbegu kuingia ardhini. Nne ni ghala: kihenge kilichoinuliwa juu ya miguu yenye vikinga vya bati hakihitaji sumu nyingi.

Najua jibu litakalotoka: mitego ni kazi, sumu ni rahisi. Ni kweli, mtego unataka kukaguliwa kila alfajiri na watu wa Kyerwa wana kazi nyingine. Lakini gharama ya sumu huwa tunaihesabu nusu. Hatuhesabu paka aliyekufa, ambaye alikuwa akila panya bila malipo. Hatuhesabu kuku, mbwa, wala safari ya usiku kwenda kituo cha afya na mtoto aliyeokota punje. Hatuhesabu kwamba kifuko kitanunuliwa tena msimu ujao na ule utakaofuata, maana panya wamerudi. Kazi ya mitego ikigawanywa kwa kaya zote za kitongoji kwa wiki tatu au nne kabla ya kupanda, inakuwa ndogo kuliko kazi ya kupanda upya.

Liko pia jambo la mila ambalo si sumu lakini linaisaidia sumu. Bundi akilia juu ya paa, katika nyumba nyingi za Tanzania husemwa kuna kifo au mchawi, na hufukuzwa kwa mawe au kuuawa. Mwewe naye huchukiwa kwa vifaranga. Chuki ya pili ina sababu: wapo mwewe wanaokwapua vifaranga, na banda la kuku lililofunikwa ndilo jibu lake. Lakini tai wa kishungi na mwewe wa mabega meusi hawana habari na kuku, na kuwaua kwa kosa la binamu zao ni dhuluma inayomrudia mwenye shamba. Kuhusu bundi, watafiti Darcy Ogada na Paul Kibuthu, waliowafuatilia bundi wakubwa wanaotaga kwenye miamba ya mashambani katika Kenya ya kati, walikuta ndege wanaoishi kwa kula panya katikati ya watu wanaowaogopa. Panya wa kilimo ndiye aliyewaweka pale. Wahubiri na walimu wa shule za msingi wa wilaya hizi wangeweza kufanya mengi zaidi kwa hili kuliko bwana shamba.

Serikali nayo ina kazi yake, na haihitaji sheria mpya kuianza. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayosajili viuatilifu na kusimamia uuzaji wake. Inaweza kuweka sharti la usajili kwamba sumu za panya zinazozuia damu kuganda zisitumike kwenye mashamba ya wazi, ikianzia vijiji vinavyopakana na hifadhi za taifa, na inaweza kuwaondoa magulioni wauzaji wa vifuko visivyo na jina. Wizara ya Kilimo, inapogawa sumu wakati wa mlipuko, iitumie ile isiyojilimbikiza, kwenye mashimo ya panya yaliyofukiwa baada ya kutiwa chambo, kamwe isirushwe juu ya udongo, na ikusanye mabaki baada ya siku tatu. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), ambalo askari wake hutembea Rumanyika na Ibanda kila siku, linaweza kuanza kuhifadhi maini ya bundi, mwewe na mondo wanaookotwa wamekufa, hata waliogongwa barabarani, na kuyapeleka maabara.  Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinunue mitego kwa jumla kama zinavyonunua miche ya kahawa, na zitumie kile ambacho Sokoine imekwisha kukithibitisha tangu miaka ya 1990: kwamba wingi wa mvua za miezi ya mwisho wa mwaka unatabiri mlipuko wa panya wa mwaka unaofuata. Vipimo vya mvua vipo, maafisa ugani wapo, simu zipo. Vuli ya kwetu huanza Septemba. Mitego ya kata kama Kihanga, Nyaishozi, Nkwenda na Murongo inapaswa kuwa imetegwa tangu katikati ya Agosti, wakati panya ni wachache na rweya bado haijachomwa.